Newmarket, Jumamosi ya Frankel

Ilikuwa tarehe 30 Aprili 2011, siku moja baada ya harusi ya Prince William, na bendera bado zilikuwa zinapepea London. Kule Newmarket, mji mdogo wa Suffolk ulio karibu na Cambridge, harusi haikuwa na wa kuizungumza. Watu walikuwa wakimzungumza farasi mmoja, Frankel, ambaye siku hiyo angekimbia katika mbio za 2000 Guineas.

Anayekwenda Newmarket kwa ajili ya mbio za alasiri tu amekosa nusu ya mji. Asubuhi ile tulianzia Warren Hill, ambako misafara ya farasi hupandishwa kilima kwa mwendo wa wastani, kisha hurudi chini na kupanda tena. Kilima humjenga farasi mapafu na mapaja bila kumkimbiza kwa kasi ya kuivunja miguu yake. Mji una farasi wa mbio wapatao 3,000, nao wana njia zao katikati ya makazi. Wanapokata barabara kuu, kitufe cha taa kimewekwa juu, mpandaji akifikie bila kushuka. Hadi saa saba mchana viwanja vyote vya mazoezi ni vyao. Mwenye mbwa wa kutembeza asubiri.

Siri ya mahali hapa iko ardhini. Chini ya nyasi kuna mwamba wa chokaa, maji ya mvua hupenya upesi, na kwato hazizami ovyo kwenye tope. Mfalme James I aliipenda nchi hii tambarare mwanzoni mwa karne ya 17, akajenga kasri. Mjukuu wake Charles II akazidisha: alianzisha mbio za Town Plate, na mwaka 1671 akazishinda akiwa mwenyewe juu ya farasi. Machi 1683 moto uliunguza sehemu ya mji, mfalme akarudi London mapema kuliko ilivyopangwa, na waliokula njama ya kumuua njiani wakapitwa. Jina lake la utani, Old Rowley, lilitoka kwa dume lake la farasi, na ndilo lililobaki kwenye uwanja wa Rowley Mile. Sehemu ya kasri yake, Palace House, ndiyo nyumba ya makumbusho ya mbio za farasi tangu 2016; mwaka ule wa 2011 makumbusho yalikuwa bado kwenye mtaa wa High Street.

Mbio zenyewe, 2000 Guineas, zilianza mwaka 1809. Guineas ni gini, na gini moja ilikuwa shilingi 21 za Kiingereza, leo pauni 1.05, na wanadi wa Tattersalls mjini humo bado hunadi farasi kwa gini. Nairobi nao, pale Ngong, wana Kenya Guineas yao.

Farasi wa miaka mitatu hukimbia maili moja, mita 1,609, iliyonyooka bila kona hata moja. Kwa mtazamaji hilo ni tatizo: farasi wanakujia usoni, na bila darubini huwezi kujua nani yuko mbele. Dawa ni kushika rangi za mavazi. Siku ile tulitafuta kijani chenye mshipi wa waridi, mikono meupe na kofia ya waridi, rangi za mmiliki wa Frankel, Khalid Abdullah wa Saudi Arabia.

Tatizo la mpandaji ni kubwa zaidi. Uwanja unateremka hadi bonde linaloitwa Dip, kisha mita 200 za mwisho zinapanda. Farasi mchanga akishuka kwa kasi hupoteza mizani, huyumba pembeni, na akifika kwenye mwinuko hana kitu miguuni. Ndiyo maana wajuzi hubana hatamu, huwaacha wenye haraka watangulie, kisha huwakamata kwenye mwinuko.

Frankel alikuwa na farasi wa kumwongozea mwendo, Rerouted, wa mmiliki yule yule, lakini kura za vizimba vya kuanzia mbio ziliwatenganisha mbali. Milango ilipofunguka, mpandaji wa Frankel, Tom Queally, akamwachia. Nusu ya njia alikuwa amewaacha wenzake kwa zaidi ya urefu wa farasi kumi. Uwanjani watu walianza kupiga kelele mapema mno, jambo ambalo huwa dalili ya msiba, maana anayekimbia hivyo huisha pumzi kwenye Dip. Yeye alipunguza tu. Akashinda kwa urefu wa farasi sita mbele ya Dubawi Gold, pengo kubwa kuliko yote katika mbio hizo tangu Tudor Minstrel mwaka 1947. Malipo ya kamari yalikuwa madogo: ukiweka pauni 2, faida pauni 1. Ila sidhani kama kuna aliyelalamika, hasa kwa kuwa mkufunzi wake, Henry Cecil, alikuwa akipambana na saratani na mji wote ulijua.

Kesho yake, Jumapili, ilikuwa zamu ya majike katika 1000 Guineas. Blue Bunting wa Godolphin, zizi la Sheikh Mohammed wa Dubai, juu yake Frankie Dettori, alikaa nyuma kwa muda mrefu, akapita Dip kwa utulivu, akawakamata wenzake kwenye mwinuko. Uwanja ulikuwa umerudi kwenye kanuni zake.