Vikombe Sabini kwa Dakika

Nafundisha sayansi darasa la sita hapa Mikindani, na tukifika kwenye mzunguko wa damu sianzi na mchoro. Ule moyo wa kwenye kitabu, nusu mwekundu nusu wa bluu, mtoto anakariri majina ya vyumba vyake vinne, anapata alama zake, na bado hajui kazi ya moyo ni nzito kiasi gani.

Naanza na ndoo mbili na kikombe kidogo cha kahawa, vile vya wauza kahawa wa barazani. Nimekipima kwa bomba la sindano. Kikikaribia kujaa kinachukua mililita 70 hivi. Kiasi hicho ndicho moyo wa mtu mzima aliyetulia unachosukuma kwa pigo moja. Mapigo ni kama 70 kwa dakika. Zidisha, utapata karibu lita 5, yaani takribani damu yote aliyonayo mtu mzima mwilini.

Basi tunatoka nje chini ya mwembe. Mmoja anachota kutoka ndoo hii kupeleka ile, mwingine anashika saa, wengine wote wanahesabu kwa sauti. Anaanza kwa mbwembwe. Hamsini haijafika, mkono umelegea na maji yako miguuni. Anakuja wa pili, anajigamba, naye yaleyale. Hapo ndipo nawaambia waweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, wasikilize mapigo yao wenyewe. Wanashangaa kwamba yao yanakwenda mbio kuliko yangu. Moyo wao ni mdogo, kila pigo linatoa damu kidogo, kwa hiyo lazima upige mara nyingi zaidi. Sihitaji kulisema hilo mara mbili kwa mtu aliyetoka kuchota maji.

Kesho yake ndiyo siku ya moyo wa mbuzi. Miongozo mingi ya nje inapendekeza wa nguruwe. Wanafunzi wangu wengi ni Waislamu, na mbuzi anatosha kabisa: vyumba ni vinne, valvu, vile vilango vinavyozuia damu kurudi nyuma, zipo palepale, mishipa inatoka juu kama kwetu. Wa ng'ombe ni mkubwa na unaonekana vizuri hadi nyuma ya darasa, ila mara nyingi unafika buchani umeshachanwa na mkaguzi wa nyama anayetafuta vifuko vya mabuu ya tegu. Mwenye bucha namwomba mapema asikate mishipa mikubwa karibu na moyo, maana kwa mteja wa kawaida ile ni takataka na anaitupa. Glavu nanunua duka la dawa. Sabuni na maji vinakaa mlangoni. Asiyependa kushika simlazimishi, anakuwa mwandishi wetu, na kwa kawaida kabla ya kipindi kwisha anaomba glavu mwenyewe.

Nakata ncha ya chini tu, kwa kisu kikali, ili vyumba viwili vya chini vionekane. Kila mtoto anaingiza kidole. Upande wa kushoto ukuta ni mnene na mgumu, wa kulia ni mwembamba na unabonyea. Nawauliza kwa nini, kisha nanyamaza. Jibu linatoka kwao: kulia unapeleka damu kwenye mapafu, hapo jirani tu, na kushoto unaipeleka mpaka vidole vya miguu.

Muhula huu tulimimina maji kwenye aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu chumba cha chini cha kushoto, tukiushika moyo kwa juu. Vifuko vitatu vya valvu vilijaa na kufunga njia, maji yakasimama. Msichana mmoja hakuridhika. "Madam, yanapungua." Wenzake wakasema valvu imechanika. Tukachungulia kwa chini: ndani ya chumba hapadondoki kitu. Matone yalikuwa yanatoka pembeni, kwenye nyama yenyewe pale nilipokata.

Nilifurahi mno. Nikaichana aota kidogo, nikawaonyesha juu ya valvu vitundu viwili vidogo, nikachomeka chelewa kwenye kimoja taratibu. Ikapita chini ya mafuta, juu ya mgongo wa moyo, nao wakaifuata kwa vidole. Moyo umejaa damu vyumbani na bado msuli wake unalishwa kwa mishipa yake wenyewe, ile ya kwanza kabisa kutoka kwenye aota.

"Ukiziba?" akauliza yuleyule.

Nikamjibu kama ninavyomjibu mtu mzima: sehemu ile ya msuli inakosa oksijeni na kuanza kufa, hilo ndilo shambulio la moyo, na mtu akibanwa ghafla na maumivu makali ya kifua apelekwe hospitali saa ileile, asisubiri kukuche. Kipindi cha hisabati kilikuwa kimeshaanza na mwalimu wake amesimama mlangoni. Akaingia, akaomba chelewa naye aone.