Foronya za Lisbon

Binti yangu alifungua mlango kwa kadi, akanipisha nitangulie, akasimama nyuma yangu kusubiri nitasema nini. Dirisha lilitazama bustani yenye miti mirefu. Lakini macho yangu yalikwenda kitandani. Niliinama upande wa miguuni, nikaishika pembe ya shuka. Mkunjo mmoja tu, umelazwa sawasawa, umechomekwa chini ya godoro ukakaza hata ncha ya kidole haipiti.

"Aliyetandika hapa anaijua kazi," nikamwambia.

"Mama, hebu tazama nje kwanza."

Miaka 27 nilitandika vitanda katika hoteli moja ya kitalii pwani ya kaskazini ya Mombasa. Vyumba 14 kwa siku, na Krismasi vikafika 18. Miaka yote hiyo sikuwahi kulala hata usiku mmoja katika kitanda cha hoteli. Sisi wafanyakazi tuliingilia mlango wa nyuma, karibu na mapipa ya taka, na jioni tukatokea huko huko, mikoba wazi, askari anapekua. Mgeni akikupa zawadi, lazima akuandikie kikaratasi: namba ya chumba, ametoa nini, tarehe, sahihi. Bila kikaratasi wewe ni mwizi. Mwaka 1994 bibi mmoja wa Kijerumani alinipa viatu vya mtoto, vyekundu, vyenye kifungo pembeni, akalikimbilia basi la uwanja wa ndege bila kuandika chochote. Nilikalishwa kwenye benchi la getini tangu saa kumi alasiri mpaka saa tatu usiku. Viatu viliwekwa juu ya meza ya askari, wenzangu wakipita wananitazama, wengine wanainamisha macho. Niliachiliwa nikaenda zangu, viatu vikabaki. Binti yangu wakati huo alikuwa na miaka minne.

Kisa hicho amekisikia utotoni mwake kote. Nilipostaafu yeye alikuwa tayari ni muuguzi Uingereza, na mwaka mzima aliweka akiba bila kuniambia. Oktoba 2019 tukakutana Lisbon, usiku tatu. Habari za viza naziruka, aliyezipitia anazijua.

Hoteli yenyewe ni jumba la zamani, Palácio Valle Flor, mtaa wa Alcântara. Jina la mtaa ni la Kiarabu, al-qantara, yaani daraja, maana Waislamu waliutawala mji huo karne nyingi mpaka 1147. Jumba lina kuta za manjano, vioo vya rangi, dari za kuchongwa na kupakwa dhahabu, na kanisa dogo la familia. Nilipita humo nikigusa vitu kwa mgongo wa mkono, kama nilivyozoea, usiache alama ya vidole. Msalani nilikuta beseni la kutawadhia, kubwa, la maji ya moto na baridi, nikashukuru sana. Wareno katika jambo hilo wametuelewa kuliko Waingereza.

Asubuhi ya pili mtandikaji alibisha hodi. Mwanamke wa makamo, mweusi, mfupi, nywele amezifunga nyuma. Binti yangu alimwambia aje baadaye, mimi nikamwambia aingie, maana najua kurudia chumba kunavyoivuruga zamu yote. Nikaketi kitini kumtazama. Alivua foronya, akachukua nyingine kwenye toroli, akaigeuza ndani nje, akapenyeza mikono yote miwili, akaukamata mto kwa pembe, akatikisa mara moja. Ikaingia yenyewe. Mimi nilikuwa nikifanya hivyo hivyo.

"Mwanangu, ona anavyozivisha hizo foronya," nikasema.

Yule mwanamke akageuka. "Fronha?" akauliza, akiinua mto.

"Foronya," nikamjibu.

Akacheka kwa sauti, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo mtandikaji halifanyi mbele ya mgeni. Akanyoosha kidole kwenye meza, akasema "meza". Nami nikasema "meza". Akaonyesha ndara za kitambaa za hoteli, akasema "sapatu", neno lile lile alilokuwa akilisema bibi yangu kule Mji wa Kale, hakuna silabi iliyopungua. Alikuwa mtu wa visiwa vya Cape Verde, vilivyotawaliwa na Wareno, na kwa Kikrioli chao sapatu ni kiatu. Kiingereza chake na changu ni cha aina moja, cha kuokota kwa wageni vyumbani, kwa hiyo tulielewana vizuri kuliko nilivyoelewana na watu wa mapokezi.

Nikainuka, nikashika upande wa pili wa shuka. Alikataa mara moja, nikamwonyesha mikono yangu, hapa penye sugu na hiki kidole kilichopinda. Akanitazama usoni, akarusha shuka. Watandikaji wawili wanaojuana kazi hawasemezani. Shuka ikapanda hewani, ikajaa upepo kama tanga, ikashuka katikati, na kila mtu akavuta upande wake kwa wakati mmoja. Binti yangu alisimama mlangoni mwa msala, mswaki mdomoni, hakusema neno.

Tukimalizia mablanketi ndipo aliponiambia habari ya nyumba. Aliyeijenga mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa amekwenda zamani kisiwa cha São Tomé, koloni la Wareno upande wa magharibi ya Afrika, akiwa kijana asiye na kitu, akatajirika kwa mashamba ya kakao, mpaka akapewa cheo cha ukabaila, markizi wa Valle Flor. Kakao hiyo ililimwa na watu waliotolewa Angola kwa jina la mkataba, na wengi hawakurudishwa kwao. Mwaka 1909 hata Cadbury, watengenezaji wa chokoleti, na wenzao wa Uingereza waligoma kuinunua kwa sababu ya mateso hayo. Baadaye wakachukuliwa pia watu wa Cape Verde, wakati wa ukame na njaa. Bibi yake mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alilisema hilo huku akipiga pasi kwa kiganja cha mkono sehemu iliyokunjamana, hakuacha kazi hata kidogo. Nikaikumbuka ile dari ya dhahabu tuliyopita chini yake tukienda chai, nikaona nimejua nani aliilipia.

Mchana binti yangu alinipeleka Belém, kwenye nyumba ya watawa ya zamani, Mosteiro dos Jerónimos, akaniambia kuna mtu tunayemjua sana kwetu amelala pale. Alikuwa nahodha wa Kireno, Vasco da Gama, juu ya kaburi lake, sanamu ya jiwe, viganja vimekutanishwa kama anayeomba. Mimi nimezaliwa hatua chache kutoka Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Nilikwenda nikiwa na hasira tayari. Nilipofika pale fikra zangu zilibaki kwenye foronya. Nahodha hakumfundisha mtu wa Mombasa neno foronya. Neno hilo lilipita mikononi mwa waliofua, waliokunja, waliobeba maji, wakalirithisha binti zao na mabibi zetu, na hakuna aliyewachongea jiwe. Neno letu gereza nalo limetokana na igreja, kanisa lao. Binti yangu alitaka kunipiga picha na kaburi. Nikamwambia anipige nje, penye jua.

Siku ya kuondoka niliamka kabla ya alfajiri, nikaswali, nikakusanya mataulo pamoja, nikatoa shuka na foronya nikazifunga fundo moja, ili yeye akija asianze kuhangaika. Alikuja saa tatu. Nilimtolea doti ya leso niliyokuwa nimeibeba bila kujua nitampa nani, nyekundu na nyeusi, imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Akaifunua nusu. "Lenço," akasema polepole, akaigusisha kichwani. Nikamwambia ndiyo, na sisi tunaiita leso, na nikamweleza maana ya maandishi. Aliyasoma herufi kwa herufi, akayasema vizuri kabisa.

Kisha akaikunja, akaishika kifuani, na nikayaona macho yake yakienda kwenye toroli, kwenye mkoba wake uliotundikwa chini, kisha mlangoni.

Nikaenda mezani. Kulikuwa na karatasi za hoteli na kalamu. Binti yangu alisema gari limefika, nikamwambia lisubiri. Nikaandika kwa Kiingereza, herufi kubwa, zisomeke na askari yeyote: namba ya chumba, leso mbili, nyekundu na nyeusi, nimempa mimi mwenyewe, ni zawadi. Nikatia tarehe. Nikatia sahihi, na chini yake nikaandika jina langu kamili.