Siku moja maishani mwangu: mita iliyokwama lita ya 72

Saa 11 alfajiri simu ikaita kutoka Hombolo. Mzee mwenye shamba la zabibu, niliyemwandikia programu ya mita ya maji. "Mwanangu, mita yako inasema hasi sabini na mbili. Maji yanarudi kisimani?" Nikamwamkia, nikamwomba asiizime.

Saa 3 asubuhi nilikuwa shambani, laptop magotini, chini ya mbuyu. Nikaiwasha mita upya, tukaikodolea macho wote wawili: 70, 71, 72, halafu -72.

Mita hiyo hutoa mapigo 450 kwa kila lita, nami niliyahesabu kwa int, aina ya namba nzima katika lugha ya C. Kwenye laptop yangu int ina biti 32, na majaribio yote ya nyumbani yalipita salama. Kichipu cha shambani ni cha biti 8, na int yake ina biti 16: mwisho 32,767, ukipita hapo inarukia upande wa hasi. Gawanya kwa 450, unapata 72 na ushee. Kichipu hakina kosa. Lugha ya C inaahidi biti 16 tu kwa int, zaidi ya hapo ni hiari ya mashine. Tangu toleo la C99 tuna stdint.h, faili lenye aina za namba za upana usiobadilika, na ilinipasa kuandika uint32_t (biti 32 popote, bila hasi) tangu mwanzo.

Nikabadili, na saa 6 mchana mita ikavuka 73. Lakini taarifa ya kila dakika haikuja. Hapa nilihangaika saa nzima, maana mstari wenyewe ulionekana safi:

uint32_t subiri = 60 * 1000;

Chombo ni kipana, ila kuzidisha kunafanyika kwanza, ndani ya int. 60,000 haienei, inageuka -5,536, na ikimiminwa kwenye uint32_t inakuwa 4,294,961,760. Hizo ni milisekunde: karibu siku 50 za kusubiri! Natamani kila kijana anayejifunza C auone mstari huu mapema. Nikaandika 60UL (UL inalazimisha hesabu ifanyike kwa namba pana isiyo na hasi), na dakika moja baadaye taarifa ikaingia.

Saa 8 tukala ugali wa uwele na mlenda, nikaondoka.

Jioni, Nkuhungu, nikapekua mafaili mengine. Kumbukumbu nilizihifadhi kwa long, aina nyingine ya namba nzima: baiti 8 kwenye Linux yangu ya biti 64, baiti 4 kwenye Windows ya mwenzangu. Angezisoma zimepinda zote. Nikaweka int64_t, baiti 8 kote kuwili.

Saa 2 usiku mzee akapiga tena. "Mia sita na kumi, mwanangu. Nimezima pampu."