Nilifuata Pafini, Nikarudi na Membe

Boti ya saa nne ilichelewa kwa sababu ya upepo. Tukabaki tumesimama Martin's Haven, pembe ya magharibi ya Wales, tumejikunyata kama kuku walionyeshewa. Ilikuwa Juni. Mimi ni mtu wa Malindi, na kwetu Juni ni kusi: bahari inachafuka, wavuvi wanakaa pwani kutengeneza nyavu. Upepo nilidhani naujua. Huu wa huku ulipenya hadi kwenye meno.

Foleni nzima ilikuwa inakwenda kisiwa cha Skomer kutazama pafini, yule ndege mfupi mnene mwenye mdomo wa rangi rangi kama pindo la kanga. Nami hilo ndilo lililonitoa Cardiff kwa binamu yangu, treni hadi Haverfordwest, kisha basi la vijijini lililokuwa likikwaruza vichaka pande zote mbili. Kabla ya kupanda boti tuliambiwa tukague mikoba, asije panya akajificha humo. Skomer haina panya, na wakishaingia, mayai na makinda ya ndege wanaotaga chini ya ardhi hayaponi.

Kuvuka ni kama robo saa, lakini mkondo unaopita kati ya kisiwa na bara si wa kuchezea. Tukashuka, tukapanda ngazi zisizokwisha, tukaonywa tena: msitoke nje ya njia, ardhi yote imetobolewa mashimo ya ndege, ukikanyaga vibaya unamfukia mtu na mwanawe.

Hatua mia hivi kutoka hapo nikaona kitu kama soksi nyeusi iliyovuliwa kwa haraka. Nikainama. Ilikuwa ngozi ya ndege, imegeuzwa nje ndani, mbawa mbili bado zimeshika, nyama hakuna hata chembe. Mama mmoja wa makamo, wa wale wanaojitolea kisiwani, aliniona nimeduwaa. "Huyo ni shiawota wa Manx, ndege wa bahari anayetaga kwenye mashimo haya," akasema. "Na aliyemla ni yule pale."

Nikageuka. Juu ya jiwe alisimama membe.

Membe nawajua, au shakwe kama wanavyoitwa na wengine. Nimekulia karibu na mlango wa mto Sabaki, ambako wakati wa kaskazi hujazana mchangani pamoja na buabua. Wamo wale wa hudhurungi wa Bahari ya Shamu na Omani, na wamo wageni wa mgongo mweusi na miguu ya njano wanaozaliana huko kaskazini mwa Urusi. Kwetu membe ni ndege wa kufukuzwa sokoni kwa kandambili.

Huyu hakuwa wa kandambili. Ni membe mkubwa mgongo-mweusi, *Larus marinus*, jina alilopewa na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758, na hakuna membe mkubwa kumshinda duniani. Mbawa akizitandaza zinapita mita moja na nusu. Dume lililoshiba linakaribia kilo mbili. Miguu yake si ya njano bali ya waridi iliyopauka, kichwa kipana, na shingo haionekani. Makao yake ni Atlantiki ya kaskazini, pande zote mbili, kwetu hafiki. Sauti yake ni nzito, ya mzee anayekohoa barazani ili watoto wajue ameamka.

Nikaelewa kwa nini shiawota sikumwona hata mmoja mzima, ilhali kisiwa kina jozi zaidi ya 300,000, wengi kuliko popote duniani. Miguu yao imekaa nyuma mno, nchi kavu wanajikokota kwa tumbo. Ndege anayeruka hadi bahari za Brazili na Argentina anashindwa kutembea hatua kumi hadi mlangoni kwake. Basi huja usiku tu, na wanapenda usiku usio na mwezi. Mwenye kuchelewa, au mwezi ukimwumbua, anaishia soksi.

Kwenye jabali la Wick pafini walikuwepo, tele, wanapita miguuni mwa watu na samaki mdomoni. Niliwapiga picha mbili tatu. Lakini membe mmoja akatua kati yao, akaanza kutembea polepole kama askari wa manispaa kwenye genge la mboga. Pafini hawakuruka, walimgeukia tu, wote, kila alikopita. Aliwapuuza. Alisogea hadi kwenye nyasi, akanyakua mtoto wa sungura, akamtikisa mara mbili, akammeza kuanzia kichwani. Miguu ya nyuma ilibaki nje kwa sekunde kadhaa. Mtoto wa Kizungu kando yangu alianza kulia, na sikumlaumu.

Nilimfuata kwa darubini ya yule mama. Alishuka penye mwamba ambako kinda wawili wa kijivu wenye madoadoa walichomoka majanini. Kinda mmoja akaanza kugonga mdomo wa mzazi, palepale penye doa jekundu upande wa chini, tak, tak, mpaka mzazi akainama akatapika chakula. Doa lile lina kazi. Mtafiti Niko Tinbergen alilichunguza kwa membe wa jamii ya karibu, akiwaonyesha makinda vichwa vya bandia: vyenye doa jekundu viligongwa zaidi ya visivyo na doa. Mwaka 1973 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya tabia za wanyama. Kisha mzazi akasimama, na tone la maji likaning'inia kwenye ncha ya mdomo. Si kamasi. Membe hunywa maji ya bahari, na tezi zilizo juu ya macho huchuja chumvi na kuitoa kupitia puani.

Katika karne ya 19 watu walimwinda kwa mayai na manyoya, akapungua sana. Karne iliyofuata akanenepa kwa mabaki ya samaki yaliyotupwa na meli za uvuvi. Sasa anashuka tena, na mwaka 2024 aliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini Uingereza. Nilipomwuliza yule mama kama anampenda, alicheka: "Inategemea nimekuta nini njiani asubuhi."

Usiku, Cardiff, binamu alichukua simu yangu apitie picha.

"Pafini wako wapi?"

"Wako hapo mwanzo."

"Hawa wote si membe? Ndugu yangu, umepanda ndege mbili kutoka kwetu kuja kupiga picha membe?"

"Hawa kwetu hawapo."

Akaguna. Akaendelea kupitisha kidole, akafika kwenye picha ya kinda na mzazi, akaikuza, akaisogeza karibu na taa.

"Hapa mdomoni," akauliza, "ni damu?"