Siku tatu nikisaka 141
Jamani, siku tatu! Skripti yangu ya Bash (faili la amri za kompyuta zinazoendeshwa kwa mfuatano) inagoma mara mojamoja, ukiiendesha tena inapita kama vile haijawahi kukosea. Nikiongeza mistari ya kuchunguza, hitilafu inayeyuka. Nilishaanza kuisingizia diski, maskini.

Jana usiku nikachapisha namba ya kutokea, ile inayoonyesha programu imeishaje: 141. Programu ikiuawa na ishara ya mfumo, Bash huongeza 128 kwenye namba ya ishara hiyo. Toa 128, inabaki 13, yaani SIGPIPE, ishara ya kuandikia bomba (njia ya kupitisha matokeo ya programu moja hadi nyingine) lisilo na msomaji. Kumbe! Juu nimeweka pipefail, yaani programu moja kwenye bomba ikishindwa, mstari wote unahesabika umeshindwa; chini programu inamwaga orodha kwenye grep -q, inayotafuta neno kimyakimya. Grep ikiona neno mara ya kwanza tu inaondoka zake, na anayeendelea kuandika anakuta bomba halina msomaji, anauawa. Orodha fupi huwahi kuingia yote kwenye bafa, hifadhi ya muda ya bomba (kwa kawaida baiti 65,536 kwenye Linux) kabla grep haijatoka. Ile ndefu ni bahati nasibu.

Nikatoa -q, nikaelekeza matokeo /dev/null, shimo la mfumo linalomeza kila kitu. Wapi! Grep ya GNU (toleo la kawaida kwenye Linux) ikiona inaandika huko, nayo inatoka mapema vilevile. Hapo nilicheka peke yangu.

Mwishowe nimehifadhi orodha kwenye kigeu (jina linalotunza data ndani ya skripti) kwanza, kisha nikampa grep kwa alama ya kuilisha maandishi yaliyo tayari, <<<. Nimeizungusha mara elfu moja, kimya. Naenda kulala.