Sensa ilikuwa nzima, waya ndio uliokatika

Taa ya injini ya gari langu iliwaka asubuhi moja ikagoma kuzimika. Skana, kile kifaa cha kusoma hitilafu za gari, ilipochomekwa ikatoa kodi, yaani namba ya hitilafu, P0141: shida iko kwenye hita (kipasha joto) ya sensa ya oksijeni ya pili, ile inayokaa nyuma ya kataliti, kifaa cha kusafisha moshi, au masega kama mafundi wengi wanavyoyaita. Fundi aliingia chini, akachomoa plagi na kupima hita kwa multimita. Haikusoma chochote. "Bosi, sensa imekufa. Tafuta nyingine."

Kipimo chake kilikuwa sahihi. Ila alipimia kwenye plagi, na kutoka plagi hadi kwenye sensa yenyewe kuna kipande kirefu cha nyaya ambacho hakukiangalia. Jambo hilo lilinikaa rohoni, nikaamua kwanza nikaangalie mwenyewe.

Niliacha gari lipoe usiku kucha, maana eksozi ya moto haina rafiki. Nikaweka vizuizi kwenye magurudumu, nikainua kwa jeki, kisha gari likakaa juu ya stendi. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kwa dakika moja. Nikatoa na terminali hasi ya betri.

Nilifuata nyaya kwa vidole kutoka kwenye plagi. Sentimita kama ishirini hivi nikakuta kishikizo kimevunjika, na nyaya zimelalia bomba la moshi. Ganda la nje lilikuwa limeyeyuka na kuganda kama nta. Zilikuwa nyaya nne: mbili nyeusi za hita, wa bluu wa ishara na mweupe wa ethi. Mmoja mweusi ulikuwa umekatika kabisa, ncha zake zimeota kutu ya kijani. Wa bluu ulikuwa umechubuka, shaba inaonekana. Nikapima tena hita, safari hii upande wa sensa, baada ya pale palipokatika: ohmu 13. Sensa ilikuwa hai.

Nilikuwa nimeshaandaa risasi na pasi ya kuchomelea, lakini nikasoma kwanza, na nashukuru nilisoma. Sensa za aina hii hulinganisha oksijeni iliyomo kwenye moshi na ile ya hewa ya nje, na nyingi huipata hewa hiyo ya nje kupitia ndani ya nyaya zake, katika mianya iliyopo kati ya nyuzi za shaba. Ukichomelea, risasi inajaza mianya hiyo na sensa inakosa pumzi. Hita itafanya kazi vizuri, ila kipimo kitapotoka, nawe utabaki unalaumu masega. Kwa sababu hiyo hiyo sikupaka grisi kwenye plagi.

Basi nikatumia viungio vya kubana. Nilikata kila waya ulioharibika nikirudi nyuma hadi nikakuta shaba inayong'aa, kwa sababu ukibana juu ya kutu ya kijani kiungo kitakusumbua tena. Urefu ulipungua, nikaongeza vipande vya waya wa unene uleule. Viungo sikuvipanga mahali pamoja. Kila kimoja nilikisogeza kidogo ili fungu lisivimbe wala viungo visigusane. Kila nilipobana kimoja nilikivuta kwa nguvu. Kimoja kilichomoka mkononi, nikakirudia. Juu yake nikavalisha mpira unaosinyaa kwa joto, na fungu zima nikaliingiza kwenye ala ya nyuzi za kioo inayovumilia joto. Mwisho nikalifunga kwenye bodi kwa tai ya chuma, mbali na eksozi. Tai ya plastiki pale haidumu.

Nikarudisha betri, nikafuta kodi, mdogo wangu akawasha. "Kaka, imezimika!" Sikushangilia bado, kwa kuwa taa huzimika ukifuta kodi tu, hata kama tatizo lipo. Tuliendesha siku kadhaa, nikasoma tena kwa skana: hakuna kodi, na volti ya sensa ya pili imetulia karibu na 0.7 injini ikiwa moto, kama inavyotakiwa nyuma ya masega mazima.

Kila nikibadilisha oili huchungulia pale chini. Tai bado imeshika, na ala haijabadilika rangi.