Kadi ya kisima

"Mama, kwa nini kaka anakupa mgongo ukimwongelesha?"

Mdogo wake aliniuliza jana, mdomo umejaa chapati. Nikamwambia amalize kula kwanza. Lakini akili ilishapanda Kibosho, kwenye ile Krismasi ya bibi yao na sungura.

Bibi mnamjua. Usonji au si usonji, kwake mtoto anayempa mkubwa mgongo hana adabu. Nikaenda na kadi zangu. Mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu alishatueleza kuhusu PECS, ile njia ya kubadilishana picha iliyoanzia Marekani mwaka 1985; zangu zilikuwa za kienyeji. Nilichora mwenyewe, zikapigwa lamineshi steshenari moja karibu na soko la Mbuyuni, nyuma nikabandika ule utepe wa viatu vya watoto, unaokwaruza ukibanduliwa. Sungura, fisi, simba, kisima. Neno likishatamkwa limepita, alisema yule mwalimu; picha inamsubiri mtoto.

Bibi akaanza hadithi jikoni, moshi umetanda. Mjukuu kakaa chini, kampa mgongo, anapanga kadi kwenye ubao. Krrr, anabandua. Anabandika.

"Hivi huyu ananisikia kweli?"

"Endelea tu, mama."

Akaendelea, ila kwa uchovu wa sikukuu akakiruka kisima. Fisi akafika moja kwa moja kwa simba.

Mkono wa mtoto ukasimama. Hakugeuka. Akabandua kisima, krrr, akakipitisha nyuma ya mgongo wake, akipapasa kanga ya bibi mpaka kadi ikatua pajani. Kiganja kikabaki wazi, kinangoja.

Bibi akaitazama kadi. Akaitazama ile shingo yenye vumbi. "Haya," akasema taratibu, "tulisahau. Fisi akapitia kisimani kwanza." Akamrudishia kadi yake, na vidole vikafumba.

Ingeishia hapo ingependeza. Lakini bibi, kwa uchokozi wake, akamwingiza chui, na chui hakuwa na kadi. Kilio kilifika kwa jirani, na mbege ya babu ikamwagika katika hekaheka zile.

Sijui kama kadi zilimfundisha kusikiliza, au alikuwa akisikiliza siku zote ila sisi hatukuwa na pa kuonea. Kanisani hazijawahi kufua dafu. Bibi anasema mtoto hana kosa. Padre naye anarukaruka mno.